Aniceti Kitereza wa Ukerewe: Katekista, Mume Mwaminifu na Mwandishi wa Ziwa Letu

Mwezi Aprili 1981, mwezi ambao Kanisa liliadhimisha Ufufuko wa Bwana, katekista mzee Aniceti Kitereza aliaga dunia katika kisiwa cha Ukerewe, akiwa na umri wa takriban miaka 85. Hakuacha mtoto wa kumrithi, wala hakuacha mali. Riwaya aliyomaliza kuiandika miaka 36 kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kupigwa chapa, lakini nakala zake zilikuwa bado hazijamfikia. Zilipowasili, mwandishi alikuwa amekwisha kuzikwa.

Wataalamu wa fasihi wanaihesabu riwaya hiyo, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, kuwa miongoni mwa kazi kubwa zilizowahi kuandikwa na Mwafrika katika lugha ya Kiafrika. Imetafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Hata hivyo, katika parokia nyingi za kandokando ya Ziwa Victoria, waamini hawamfahamu mtu huyu aliyefundisha katekisimu miongoni mwa wazee wao. Makala hii inasimulia maisha yake. Inafanya hivyo kwa heshima ya fasihi, lakini zaidi kwa sababu maisha hayo yanagusa swali ambalo wanandoa wengi wa kanda yetu wanalibeba kimyakimya mioyoni mwao: je, ndoa ambayo haikujaliwa mtoto ni ndoa kamili mbele ya Mungu?

Mtoto wa ukoo wa watawala

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kilichopo kaskazini mwa mji wa Mwanza, na wenyeji wake wa asili wanajulikana kama Wakerewe. Kabla ya ukoloni, kisiwa hicho kilikuwa na ufalme wake chini ya Omukama wa ukoo wa Abasilanga. Simulizi za wazee zinaeleza kwamba Abasilanga walivuka ziwa wakitokea Ihangiro, upande wa magharibi, na ndiyo maana Kikerewe kinakaribiana sana na Kihaya. Omukama hakuwa mtawala wa watu tu, bali alitazamiwa pia kuleta mvua. Mvua ilipokataa kunyesha, lawama zilimwendea yeye, na kiti chake kingeweza kutikisika.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo huo, akiwa mjukuu wa Omukama Machunda. Nyakati zilikuwa za misukosuko. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuingia, na mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa kwake walimwondoa Omukama Lukonge na kumweka Mukaka mahali pake. Magonjwa ya kuambukiza nayo yalizunguka pande zote za ziwa. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na Kitereza akalelewa katika kikale, yaani makao ya mtawala, kwa Mukaka, aliyekuwa ndugu wa baba yake.

Malezi hayo yalimfaa baadaye kuliko alivyoweza kujua wakati ule. Katika kikale mtoto alisikia mashauri yakiamuliwa, aliwaona wageni wakipokewa kwa taratibu zao, na aliwasikiliza wazee wakisimulia asili ya koo. Alijifunza adabu ya kumwamkia mkubwa, adabu ya kula na adabu ya kuomba. Miaka mingi baadaye, mambo haya yote yalijaa katika kurasa zake.

Kagunguli hadi Rubya

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walikuwa wamefika kusini mwa Ziwa Victoria mwishoni mwa mwaka 1878. Misioni ya Bukumbi, ng'ambo ya kusini ya Mwanza, ilianzishwa mwaka 1883, na baadaye Injili ikavuka maji hadi Ukerewe, ambako misioni ya Kagunguli ikawa kitovu cha imani. Kitereza alipelekwa shuleni Kagunguli mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Alibatizwa mwaka 1907 na kupewa jina la Aniceti, Papa na mtakatifu wa karne ya pili.

Mapadre wa Kagunguli hawakuwa walimu wa dini pekee, bali walikuwa pia wanafunzi wa lugha. Padre Eugène Hurel alichapisha sarufi ya Kikerewe mwaka 1909, na miaka miwili baadaye akachapisha utafiti juu ya dini na maisha ya nyumbani ya Wakerewe. Kijana aliyekulia mahali kama hapo alijua mapema kwamba lugha ya mama yake ilistahili kuandikwa, kupangwa na kuchunguzwa kama lugha nyingine yoyote ya dunia.

Akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, Kitereza alipelekwa Seminari ya Rubya, huko huko Ihangiro ambako wazee wa ukoo wake walisemekana kutoka. Alikaa seminarini karibu miaka kumi. Alijifunza Kilatini na Kijerumani, akasoma falsafa na teolojia, akanolewa katika nidhamu ya sala na kazi. Wakati huohuo Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita juu ya ziwa. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Ukerewe, kisha Mwanza, na utawala wa Wajerumani ukafikia mwisho. Mwaka 1917 Kanisa la nchi yetu lilipata mapadre wake wa kwanza wazalendo, matunda ya Rubya, na miongoni mwao walikuwemo vijana wa Ukerewe.

Kitereza hakufuata njia hiyo hadi mwisho. Mwaka 1919 aliondoka seminarini na kurudi nyumbani. Katika jamii zetu, kijana anayetoka seminarini bila kupata daraja hutazamwa mara nyingi kama mtu aliyeshindwa. Maisha ya Kitereza yanakanusha mtazamo huo. Yale aliyoyapokea Rubya hayakupotea hata chembe, kwani yaligeuka kuwa utumishi wa mlei uliodumu miaka mingi. Wazazi walio na kijana aliyerudi nyumbani kutoka malezi wangefanya vyema kulitafakari jambo hilo kabla ya kutamka neno la kumvunja moyo.

Anna Katura

Mwaka huohuo wa 1919, Aniceti alifunga ndoa na Anna Katura. Walijaliwa watoto wanne, lakini hakuna hata mmoja aliyekua na kufikia utu uzima. Wote walifariki wangali wadogo.

Ili kuuelewa uzito wa msalaba huo, yafaa tukumbuke mazingira yake. Katika Ukerewe ya wakati ule, kama ilivyo bado katika vijiji vingi vya Usukuma, Ujita na Uzinza, mtoto alikuwa ndiye ushahidi kwamba nyumba ipo. Mwanamke aliyekosa mtoto aliye hai alinyoshewa kidole. Mwanamume aliyeendelea kuishi naye alihesabiwa mjinga au mtu aliyerogwa. Desturi ilikuwa na jibu lililo tayari: oa mwingine. Kwa mtu wa ukoo wa watawala, ambaye jina lake lilihusika na heshima ya nyumba ya Machunda, shinikizo la ndugu halikuwa dogo.

Kitereza hakuoa mke mwingine, wala hakumrudisha Anna kwao. Alibaki naye kama alivyoahidi mbele ya altare, katika uchache na katika uzee. Hatuhitaji kumpamba kwa maneno makubwa. Inatosha kusema kwamba ahadi aliyoitoa akiwa kijana wa miaka 23 aliishika, ingawa kila alichokitarajia kwa ahadi hiyo aliondolewa.

Maandiko Matakatifu yanamfahamu vizuri mwanamke wa namna ya Anna Katura. Kitabu cha Kwanza cha Samweli kinatueleza habari za Ana, mke wa Elkana, aliyelia hekaluni kwa sababu ya utasa, na jinsi mumewe alivyomfariji kwa kumwuliza kama yeye si bora kwake kuliko wana kumi. Lakini Elkana alikuwa na mke wa pili nyumbani, tena mwenye watoto, na maneno yake ya faraja yalimgharimu kidogo. Aniceti hakuwa na nyumba ya pili. Faraja aliyompa Anna wake aliitoa katika umaskini uleule wa moyo ambao mkewe alikuwa nao.

Riwaya iliyoandikwa Kagunguli

Baada ya kufanya kazi katika biashara kwa miaka kadhaa, Kitereza alirudi kuitumikia misioni ya Kagunguli akiwa katekista, mwalimu na mfasiri. Huko alikutana na Padre Almas Simard, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliyevutiwa na ujuzi wake wa mila na simulizi za Wakerewe. Kitereza alikuwa amekwisha kukusanya historia ya watawala wa kisiwa chake, pamoja na hadithi na methali. Padre Simard alimhimiza aandike kitabu ambacho kingeyahifadhi maisha ya wahenga kwa namna ambayo watu wangependa kuisoma.

Kitereza hakuandika orodha ya mila. Aliandika hadithi ya mume na mke. Katika mwaka 1945, dunia ikiwa inakaribia mwisho wa Vita vya Pili, alimaliza mswada wake mrefu kwa Kikerewe.

Hadithi yenyewe imewekwa katika Ukerewe ya zamani, kabla ya wageni kutoka Ulaya kuonekana. Myombekere amemwoa Bugonoka, nao wanapendana, lakini hawana mtoto aliye hai. Ndugu za Myombekere wanamsimanga mke wake na kumtaka mume amwache. Wazazi wa Bugonoka, kwa uchungu wa kuona binti yao akidharauliwa, wanamchukua na kumrudisha nyumbani kwao. Myombekere anabaki peke yake katika mji usio na moto wa kupikia. Badala ya kutafuta mwanamke mwingine, anachukua njia ya aibu na unyenyekevu, anakwenda ukweni kuomba arudishiwe mkewe. Wakwe wanamtoza mitungi sita ya pombe ya ndizi, na sehemu kubwa ya kitabu inaeleza jinsi anavyohangaika, akisaidiwa na marafiki na majirani, hadi anailipa na kurudi na Bugonoka.

Baada ya hapo wanatafuta tiba kwa mganga Kibuguma, na hatimaye wanapata mtoto wa kiume, kisha wa kike. Majina ya watoto hao yanabeba kumbukumbu ya machozi. Ntulanalwo ni jina la mtu ambaye siku zote anaishi na kifo karibu naye, na Bulihwali ni jina linalouliza huzuni itakwisha lini. Wazazi wanawalea, watoto wanakua, wanaoa na kuolewa, na sisi wasomaji tunausafiri nao mzunguko mzima wa maisha.

Msomaji anayejua habari za Anna Katura hawezi kuisoma riwaya hii kama hadithi ya kubuni tu. Mtu aliyeiandika alikuwa mume asiye na mtoto, akiishi na mke aliyezika watoto wanne. Katika kitabu aliwapa Myombekere na Bugonoka kile ambacho yeye na Anna hawakupewa. Lakini tuangalie vizuri mpangilio wake: Myombekere anamchagua tena Bugonoka kabla ya kuwa na tumaini lolote la mtoto. Analipa mitungi sita kwa ajili ya mke, si kwa ajili ya mzazi wa watoto wake. Watoto wanakuja baadaye, kama zawadi, kwa watu ambao tayari walikuwa wamekwisha kuamua kubaki pamoja.

Huenda baadhi ya waamini wakauliza: iweje katekista aandike kwa heshima juu ya wahenga ambao hawakubatizwa, na hata juu ya waganga wao? Kitereza aliwaeleza wahenga kama walivyokuwa kabla Injili haijawafikia. Hakuwacheka, wala hakuwageuza kuwa Wakristo kabla ya wakati wao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, miaka ishirini baadaye, ulikuja kufundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Katekista wa Kagunguli alikuwa amekwisha kuliishi fundisho hilo mezani pake. Nasi tunaosoma leo tunajua kutofautisha: dawa ya mizizi na majani ni kipaji cha Muumba, ila ramli na matambiko ya kutafuta nguvu zilizofichika ni kinyume cha Amri ya Kwanza, kama Katekisimu inavyoeleza katika namba 2116 na 2117.

Mwandishi wa ziwa na viumbe vyake

Kuna utajiri mwingine katika kazi ya Kitereza ambao watu wa ziwa wanapaswa kuujali. Kitabu chake, chenye zaidi ya kurasa 600 katika Kiswahili, ni kumbukumbu ya uumbaji kama ulivyoonekana na mkazi wa kisiwani. Mwandishi hasemi tu kwamba mtu alipita msituni. Anaeleza mti gani ulikuwepo na unafaa kwa kazi gani. Hasemi tu kwamba pombe ilitengenezwa, bali anafuata migomba, uivishaji wa ndizi, ukamuaji na uchachu hatua kwa hatua, kiasi kwamba msomaji makini angeweza kujifunza kazi hiyo. Uvuvi, kilimo, dalili za mvua, hatari za mamba, viboko na nyoka, vyote vina nafasi yake.

Kwa Kitereza, maumbile si pambo la hadithi. Wanadamu wake wanaishi ndani ya maumbile, wanayategemea na kuyaogopa, na wanajua mipaka yao. Mtu hakati mti asioujua, wala haingii majini bila kusoma upepo. Ujuzi huo ulirithishwa kwa maneno, na maneno yanapopotea, ujuzi nao hupotea. Ndiyo maana aling'ang'ania kuandika majina ya vitu. Jina la mmea likisahauliwa na watoto, siku mmea wenyewe utakapotoweka hakuna atakayejua kwamba kuna kitu kimepungua.

Tangu aandike, ziwa limebadilika sana. Sangara aliletwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Ningu, waliokuwa wakipanda mito kwa wingi wakati wa mvua, wamekuwa adimu. Gugumaji lilionekana ziwani miaka michache baada ya kifo cha Kitereza na kufunika ghuba na mialo. Biashara ya sangara imewapa watu wengi riziki, na hatuwezi kulidharau jambo hilo. Lakini mzee wa mwaloni anayewatajia wajukuu samaki ambao hawajawahi kuwaona anafanya kazi ileile aliyoifanya Kitereza. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kila kiumbe kinampa Mungu utukufu kwa kuwapo kwake, na kwamba hatuna haki ya kukiangamiza. Katekista wetu aliandika kana kwamba alilijua hilo tangu utoto wake.

Mswada uliongoja

Baada ya mwaka 1945 ilianza miaka mirefu ya kungoja. Kikerewe ni lugha ya watu wachache, na hakupatikana mchapishaji wa kukikubali kitabu kikubwa namna ile katika lugha hiyo. Padre Simard alianza kukitafsiri kwa Kifaransa, lakini kifo kilimkuta kabla ya kazi kukamilika. Mswada ukabaki. Nchi ikapata uhuru mwaka 1961, Kiswahili kikashika hatamu kama lugha ya taifa, na mzee wa Kagunguli akazidi kuzeeka.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Gerald na Charlotte Hartwig, watafiti kutoka Marekani, walifika Ukerewe kuchunguza historia ya kisiwa. Walikutana na Kitereza na kuuona mswada wake. Wakamshauri autafsiri kwa Kiswahili, kwa kuwa katika lugha hiyo kitabu kingeweza kupata wasomaji na mchapishaji. Kitereza alikuwa amevuka miaka 70, na viungo vyake vilikuwa vikimwuma. Angeweza kukataa bila kulaumiwa na mtu. Badala yake aliketi, akaanza upya ukurasa wa kwanza, na kuitafsiri riwaya yote kwa mkono wake mwenyewe.

Hata baada ya hapo ilichukua zaidi ya miaka kumi. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa kitabu mwaka 1980, lakini nakala zilichelewa kufika. Mwandishi akafariki mwezi Aprili uliofuata.

Kilichotokea baadaye kinajulikana zaidi nje ya Ukerewe kuliko ndani yake. Profesa Wilhelm Möhlig wa Ujerumani alikitafsiri kitabu kwa Kijerumani, kikatoka katika juzuu mbili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tafsiri ya Kifaransa ikafuata. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mzaliwa wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa moja kwa moja kutoka katika Kikerewe cha awali. Kisiwa hichohicho kilimtoa pia Euphrase Kezilahabi, aliyepata masomo yake katika Seminari ya Nyegezi kabla ya kuwa mwandishi mashuhuri wa Kiswahili. Lakini Kitereza ndiye aliyetangulia, akiandika katika lugha ya kijiji, kwa watu ambao hakujua kama wangemsoma.

Ndoa, mtoto na ahadi

Sisi tunaowapokea wanandoa katika ofisi za parokia tunajua kwamba habari za Myombekere na Bugonoka hazijapita. Bado kuna akina mama wanaofukuzwa kwa sababu hawajazaa. Bado kuna wanaume wanaotafuta mtoto nje kwa siri, wakisaidiwa na mama zao au dada zao, huku mke akishiriki Misa kila Dominika bila kujua. Bado kuna ndugu wanaokuja na maneno ya kusimanga wakati wa msiba na wakati wa arusi. Na wapo wanaokimbilia kwa wapiga ramli, wanauza ng'ombe na mashamba, na kurudi na deni badala ya mtoto.

Mintarafu jambo hili, fundisho la Kanisa liko wazi na linastahili kurudiwa kwa sauti. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, inaeleza kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Katekisimu, namba 1654, inafundisha kwamba wanandoa ambao Mungu hakuwajalia watoto wanaweza kuwa na maisha ya ndoa yaliyojaa maana, yanayozaa matunda ya mapendo, ukarimu na sadaka. Namba 2379 inaongeza kwamba, baada ya kutumia njia halali za tiba bila mafanikio, waunganishe mateso yao na Msalaba wa Bwana, na waoneshe ukarimu wao kwa kuwalea watoto walioachwa au kwa kuwahudumia wengine. Mtoto ni zawadi, hakuna anayemdai kama deni. Na mke si chombo cha kuleta zawadi hiyo, ili akikosa kuileta atupwe.

Tiba ni halali na inafaa, na waende hospitali wote wawili, mume na mke, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa kwa yeyote kati yao au kwa wote. Lakini tiba isipofanikiwa, ahadi inabaki. Fundisho hili linaonekana gumu linaposomwa kitabuni. Katika maisha ya Aniceti na Anna Kitereza lina uso na jina, tena la watu wetu, waliovuka maji yaleyale tunayoyavuka na kulima udongo uleule. Hawakuwa watawa wala wageni kutoka mbali. Walikuwa mume na mke wa kijijini, waliozika watoto wanne na kuendelea kula chungu kimoja.

Yeyote anayehesabu matunda kwa macho angesema kwamba mtu huyu alikosa yote: upadre, watoto, mali, na hata furaha ya kukishika kitabu chake mkononi. Injili inahesabu kwa namna nyingine. Musa aliitazama nchi ya ahadi kutoka mlimani Nebo bila kuingia, na hakuna anayesema kwamba safari yake ilikuwa bure. Mpanzi na mvunaji si lazima wawe mtu mmoja.

Yapo mambo mawili tunayoweza kufanya, nayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, kila jumuiya ndogondogo iwatambue wanandoa wake wasio na watoto, si kwa kuwaonea huruma hadharani, bali kwa kuwalinda dhidi ya masimango, kuwaalika katika ubatizo wa watoto wetu kama wasimamizi, na kuwaombea. La pili, maktaba za parokia na shule zetu za Kanisa zitafute riwaya hii, ili kijana wa Mwanza, Sengerema au Nansio aisome kabla ya kuoa na ajue kwamba katika ardhi hii alipata kuishi mwanamume aliyeshika neno lake.

Mwenyezi Mungu awajalie watumishi wake Aniceti na Anna pumziko la milele, na awape nguvu wanandoa wote wanaoishika ahadi yao usiku wa leo bila mtu wa kuwapongeza. Amina.